Bei ya Pasi Ndefu

Katika miaka yote aliyofanya udalali wa ng'ombe pale Tule Flat, mji mdogo wa Texas, Weldon Pruitt aliingia hasara moja tu iliyomnyima usingizi, na hasara hiyo ilikuwa mkwe. Binti yake Charla aliolewa na Rusty Hobgood, kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mikononi, katika shule ya sekondari, kijana wa mabega mapana, mwenye moyo safi na ugonjwa mmoja usio na dawa. Alipenda pasi ndefu.

Weldon mwenyewe hakuanza na kitu. Alianza na ndama chongo aliyempata kwa kubadilishana na baiskeli isiyo na breki, akampigia bei yule ndama jicho zima likiwa upande wa mnunuzi, na kutoka hapo akapanda mpaka mnada wote ukawa wake, mabanda, mizani, na hata mgahawa mdogo wa pembeni. Wala hakuruka. Siku ya mnada ungemsikia akipandisha bei kidogo kidogo, dola moja hapa, mbili kule, kama mtu anayembembeleza mtoto mnono apande ngazi, mpaka mnunuzi anashtukia yuko ghorofani na pochi yake imebaki chini.

Kwa hiyo, kwa Weldon, suala la pasi halikuwa hata la kujadili. Una majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi. Ukifika, unapewa manne mengine. Ukishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Sasa mtu mwenye akili timamu atupe mpira yadi arobaini hewani, akiomba Mungu na upepo, wakati anaweza kumpa mwenzake aliye hapo pua na mdomo, akapata yadi nne, kesho akapata nyingine nne?

"Bwana Weldon," Rusty alimwambia kila asubuhi pale kwa Dot, wanakokunywa kahawa wanaume wote wa mjini, "watu hawalipi kiingilio kuja kuona yadi nne."

"Na shule haikulipi mshahara uende kumgawia jirani mpira."

"Pasi ndefu moja ikishika, mchezo umekwisha."

"Na isiposhika, kazi yako imekwisha. Dot, mwongeze kahawa huyu. Anaota."

Msimu ule, kweli, zilikuwa hazishiki. Tule Flat walikuwa wamefungwa karibu kila Ijumaa, na bodi ya shule ikakutana kwa siri, maana yake kufika saa nne asubuhi wilaya nzima ilishajua: mechi dhidi ya Harmon, mji wa jirani, ikipotea, Rusty anafungasha. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya shule. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

Weldon alipopata habari hizo hakuona ubaya. Vijana hupata kazi nyingine. Ndipo mkewe Nadine, huku akimpakulia viazi, alipomwambia:

"Nimeshamwambia Charla waje hapa."

"Waje kula?"

"Waje kukaa."

Weldon aliweka uma chini. Charla na Rusty walikuwa na watoto watano, mbwa wawili, na seti moja ya ngoma aliyonunuliwa mtoto wa kwanza na mtu ambaye Weldon hakuacha kumtafuta. Nyumba ya Weldon ilikuwa na vyumba vinne na bafu moja, na humo bafuni alizoea kuingia na gazeti la bei za mifugo na kutoka akiwa amelimaliza.

"Kwa muda gani?"

"Hadi wasimame."

"Nadine, wale watu hawajawahi kusimama."

"Basi ombea washinde," Nadine alisema, akamsogezea mchuzi.

Weldon hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kutafuta mahali pa kushika. Mahali penyewe palijileta Alhamisi mchana, Charla alipompigia simu kumwambia kuwa Rusty amepoteza sauti. Si kukauka, kupotea. Alikuwa amewafokea vijana wiki nzima, daktari akamkataza hata kunong'ona. Na Rusty alikuwa kocha wa kizamani. Maagizo yake yote aliyapiga kwa kelele kutoka pembeni mwa uwanja. Msaidizi wake, aliyekuwa pia dereva wa basi, alikuwa na sauti ya kuombea msamaha.

"Baba, katika wilaya hii anayeweza kusikika mpaka ng'ambo ya uwanja wenye watu ni wewe tu."

"Hilo ni kweli," Weldon alisema.

"Lakini utapiga kelele atakachokuambia yeye. Si unachotaka wewe. Niahidi."

"Charla, mimi ni dalali. Ng'ombe si wangu, bei si yangu. Mimi ni mdomo tu."

Charla, ambaye alilelewa katika nyumba ile, alikata simu kabla baba yake hajaanza kupandisha bei.

Wakapanga jambo liwe rahisi. Rusty akivuta ukingo wa kofia, ni pasi fupi, na Weldon atapiga kelele "Ndama!" Akiinua ngumi juu, ni pasi ndefu: "Fahali!" Mrushaji wao, Eloy Barrientos, mtoto wa mchunga ng'ombe, alisema hayo hawezi kuyasahau hata agongwe kichwa.

Ijumaa jioni mji mzima ulikuwa uwanjani. Harmon walikuja na mabasi mawili na vijana wa mstari wa mbele wanene kama majokofu. Weldon alisimama pembeni ya mkwe wake, kofia yake nyeupe ya mnadani kichwani, akangoja.

Ngumi ikapanda juu.

"FAHALI!" Weldon alinguruma, na watu wa jukwaa la juu kabisa wakaacha kutafuna.

Eloy akarusha. Mpira ulipaa vizuri, ukapita taa, ukashuka mikononi mwa kijana wa Harmon. Mara iliyofuata ngumi ikapanda tena, na mpira ukatua ndani ya tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi ya shule, ikabidi wapiga zumari wawili wasaidie kuung'oa. Mara ya tatu Eloy hakupata hata nafasi ya kurusha. Pasi ndefu inataka muda, mdakaji akimbie, afike, ageuke, na majokofu ya Harmon hayakuwa na nia ya kungoja mtu ageuke. Walimlalia Eloy wanne kwa pamoja.

"Vuta kofia," Weldon alisema kwa pembe ya mdomo.

Rusty akainua ngumi.

"Mwanangu, vuta hiyo kofia kabla hawajakuvua wao."

Ngumi.

Kufika mapumziko, Harmon walikuwa na kumi na mbili na Tule Flat hawakuwa na kitu. Jukwaani, Weldon alimwona mwenyekiti wa bodi ya shule, Bi Imogene Satterfield, amekaa wima kama msumari. Safu mbili nyuma yake alimwona mjukuu wake mkubwa akigonga kwa vidole mgongo wa kiti cha mbele, tatata-tum, tatata-tum, naye akakumbuka bafu lake.

Alimshika Rusty mkono akamwingiza chumba cha vifaa, wakasimama katikati ya helmeti na ndoo za chokaa.

"Sikia," alisema. "Sitakuuliza kama unakosea. Nakuuliza bei. Nipe pasi fupi kumi, nami nikupe ndefu moja."

Rusty akatikisa kichwa, akaonyesha kidole kimoja, kisha kingine kimoja: fupi moja kwa ndefu moja. Moja kwa moja.

"Moja kwa moja! Unanadi almasi? Nimeona mali yako kipindi kizima, imekaa ndani ya tuba. Nane."

Rusty akaonyesha vidole viwili.

"Sita. Na mfikirie mama mkwe wako, anakupenda."

Rusty akaanza kuondoka. Weldon akaona hilo ni la kweli, si la kujifanya. Dalali hujua mgongo unaoondoka na mgongo unaongoja kuitwa.

"Tatu," alisema. "Tatu fupi, moja ndefu. Na ile ndefu wakati wake unachagua wewe, mimi sibishi."

Rusty aligeuka. Akatemea kiganja chake mate, akatoa mkono. Weldon akatema wake. Wakashikana, na kwa watu wa kule hapo maneno yamekwisha. Unaweza kuvunja ndoa, lakini si mkono uliotemewa mate.

Kipindi cha pili kofia ikavutwa.

"NDAMA!"

Eloy akaachia mpira kabla majokofu hayajapiga hatua. Yadi tano. "NDAMA!" Yadi nne. "NDAMA!" Yadi sita, na mdakaji akazivuka zile yadi kumi huku beki wa Harmon akimtazama kama mtu aliyeibiwa kiatu akiwa amekivaa. Haikuwa kitu cha kuchora picha. Ilikuwa kama ng'ombe malishoni: huoni anachofanya, ukigeuka nyasi hazipo. Watu wakaanza kuondoka vitini kwenda kununua chipsi za mahindi zilizomwagiwa nyama ya pilipili, maana walijua wakirudi mchezo utakuwa umesogea kidogo tu. Lakini wakirudi, ulikuwa umesogea.

Rusty alipodai ndefu yake, akapewa bila ubishi, na mpira ukaanguka pasipo mtu. Weldon alikunja uso tu. Kisha zikaja fupi nyingine tatu, na ya tatu ikaingia mwisho wa uwanja kabisa: pointi sita, na moja ya mkwaju. Kumi na mbili kwa saba.

"Unaona?" Weldon alisema. "Dola, dola, dola."

Rusty hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mabeki wa nyuma wa Harmon, wale wawili ambao kazi yao ni kukaa mbali na kulinda pasi ndefu. Walikuwa wamechoshwa na kuumwa vipande vidogo vidogo. Kila "Ndama!" ikisikika walisogea mbele hatua, nao wakisogea hawakurudi. Rusty akavuta shati la Weldon akamwonyesha kwa kidevu.

"Nimewaona," Weldon alisema. "Na nani kawaleta hapo? Zile fupi. Usinionyeshe ng'ombe niliyemleta mimi."

Mpira ulirudi kwa Tule Flat saa ikiwa imebakiza muda wa kuchemsha yai. Fupi ya kwanza, yadi tatu. Fupi ya pili, yadi mbili. Fupi ya tatu, yadi tatu nyingine. Jaribio la nne, wako katikati ya uwanja, wanataka yadi mbili tu ili wapate majaribio mengine manne. Yadi mbili! Hizo hata Nadine angezipata na sufuria mkononi.

Rusty akainua ngumi.

"Hapana," Weldon alisema.

Ngumi ikabaki juu.

"Rusty. Mkwe wangu. Baba wa wajukuu wangu. Yadi mbili. Chukua mbili, kisha tuzungumze."

Rusty akafungua ngumi, akamwonyesha kile kiganja alichokitemea mate, akaifunga tena, akaipandisha.

"Nainunua," Weldon alisema haraka. "Hiyo ndefu yako nainunua. Nakupa trela langu la kubebea ng'ombe."

Rusty akatikisa kichwa.

"Trela na matairi mapya."

Kichwa.

"Trela, matairi, na sitafungua mdomo kwa Dot mpaka Pasaka."

Hapo Rusty alisita, Weldon alimwona. Lakini kichwa kikatikisika tena, na refa akapuliza filimbi kuashiria mpira uchezwe.

Weldon Pruitt akabaki na mdomo wake. Mdomo ulikuwa wake. Angeweza kusema "Ndama" na Eloy angempa mdakaji wa karibu, yadi mbili, majaribio manne mapya, bafu lake, gazeti lake. Nani angemshtaki? Mtu asiye na sauti? Aliangalia jukwaani. Kila mtu mwenye ng'ombe katika wilaya mbili alikuwa pale, na karibu wote wangejua kufikia Jumapili, kwa sababu Rusty angepona koo. Dalali aliyekana mkono wake. Nani angempelekea hata kuku? Hesabu haikuwa ndefu. Watoto watano na mbwa wawili wangemla utulivu. Kuvunja neno kungemla mnada.

"FAHALI!" alinguruma.

Na kwa uchungu, bila kukusudia, koo lake likamalizia lenyewe kama linavyomaliza kila Jumatano kwa miaka yote ile, ngumi ikipiga kiganja:

"IMEUZWA!"

Sasa, pale mnadani, neno hilo si la mnunuzi tu. Neno hilo likitoka, vijana wa lango huruka. Mmoja anavuta lango, mwingine anamtoa ng'ombe aliyenunuliwa, wa tatu anaingiza anayefuata, ukichelewa, unakanyagwa. Na wale majokofu wa Harmon, watatu kati yao, kila Jumatano walikuwa vijana wa lango wa Weldon Pruitt.

Waliruka. Mpira haujatikisika, Eloy hajagusa kitu, na vijana watatu wakubwa wakavuka mstari kwa mkupuo, mmoja wao mkono umenyooshwa akitafuta lango la kuvuta.

Kitambaa cha njano cha refa kikaruka hewani. Kosa la Harmon. Lakini mwenzake wa katikati akampa Eloy mpira papo hapo, na kwa sheria za Texas kosa kama hilo halisimamishi mchezo.

Weldon alilielewa hilo kabla ya mtu mwingine yeyote uwanjani, kwa sababu lilikuwa la biashara. Kitambaa kikiwa chini, pasi ikishikwa, mnaichukua. Isiposhikwa, ikiibiwa, ikirudi kwenye tuba, refa anairudisha nyuma, anawatoza Harmon yadi tano, nanyi mlitaka mbili tu. Mali ya kujaribu nyumbani, ikikukataa unairudisha, na unalipwa nauli.

"RUSHA HIYO TAKATAKA!" alipiga kelele. "RUSHA MBALI KABISA! NI BURE!"

Eloy akarusha. Mabeki wawili wa nyuma walikuwa mbele, walikovutwa na ndama za jioni nzima. Walipogeuka, Colt Ratliff, mdakaji wa Tule Flat aliyekimbia bure tangu saa moja na nusu, alikuwa peke yake kule kama mtu aliyewahi kanisani. Mpira ulipaa, ukapita taa, ukashuka. Akaudaka, akaudondosha kidogo, akaudaka tena, akavuka mstari wa mwisho.

Kumi na tatu kwa kumi na mbili, na kabla Harmon hawajajibu saa ikaisha.

Kocha wa Harmon, bwana mfupi aitwaye Lonnie Teague, alimjia refa mbio huku kofia ikimwanguka.

"Yule mzee kawanadi vijana wangu!"

"Nimesikia."

"Ni halali hiyo?"

Refa, ambaye alikuwa na ng'ombe majike watano waliosubiri mnada wa Jumatano, alifikiri kwa makini.

"Hakuna sheria," alisema mwisho, "inayomkataza mtu kuuza."

Rusty alimkumbatia Weldon akamwinua juu. Alijaribu kusema, ikatoka filimbi tu kama ya birika, lakini kila mtu alielewa: *ndefu, ndefu, ndefu*.

"Ya bure!" Weldon alisema, miguu ikining'inia. "Ile haikuwa ndefu, ilikuwa ya bure! Na njia zilifunguliwa na zile fupi! Nishushe, mgongo wangu mbovu."

Nadine alishuka jukwaani na watoto wote watano. Weldon hakuwahi kuwaona wanapendeza vile, kwa kuwa sasa aliwaona kama mtu anavyowaona ng'ombe wa jirani. Kazi ipo. Nyumba ya shule ipo. Akampa kila mmoja dola, jambo ambalo Nadine alilizungumza kwa wiki kadhaa.

Ndipo Bi Imogene Satterfield alipokuja, mwendo ule wa watu wenye habari njema ambazo si wao watakaozilipia. Akampa Rusty mkono.

"Kocha, bodi imekubaliana hapa hapa jukwaani. Miaka mitatu."

Charla akaanza kulia.

"Na kitu kingine. Hatuwezi kumweka mtu kama wewe katika kile kibanda. Jumatatu tunakibomoa, tunawajengea nyumba ya maana. Matofali. Mabafu mawili."

"Jumatatu?" Weldon aliuliza. Sauti yake, kwa mara ya kwanza katika wilaya ile, haikufika mbali.

"Fundi ana nafasi sasa hivi tu. Itachukua mpaka kiangazi. Ila tulijiambia hiyo si taabu, maana Nadine alishasema," akamgeukia Weldon akitabasamu, "kwamba ninyi mna vyumba."

Mbwa mmoja, aliyeletwa uwanjani kinyume cha taratibu, akatapika chipsi karibu na kiatu cha Weldon.

Mtu mwingine angelia. Weldon alikunja mikono ya shati. Alimtazama Bi Imogene, akaitazama ile familia, akapima uzito wa kila mmoja kama anavyopima ng'ombe wanaoingia kwenye mizani, akaona lililokwisha limekwisha, na lililobaki ni masharti.

"Shule italipa umeme," alisema.

"Nusu," alisema Bi Imogene, ambaye naye hakupata kile kiti cha bodi kwa kulala.

"Umeme wote, na maji nusu. Na hizo ngoma zinakaa shuleni."

"Chumba cha bendi kimejaa, Bwana Pruitt. Lile tuba limepinda mdomo, tumeletewa jingine kubwa zaidi."

Mjukuu mkubwa akamvuta Weldon mkono. Alikuwa msichana wa meno ya pengo, na alikuwa amesimama vizuri, miguu imeachana, kama mnunuzi aliyekuja na hela yake.

"Babu. Nitapiga mara moja tu kwa siku."

"Mara moja kwa wiki."

"Mara moja kwa siku, lakini fupi."

Weldon alifungua mdomo apandishe bei. Alikitazama kiganja kidogo kilichonyooshwa mbele yake. Kilikuwa kimeshatemewa mate.